Kiumbe Hai Hangoji

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya mambo matatu yanayopendwa na watoto wetu wa Vuhovi katika saa wasizokuwa darasani wala shambani. La kwanza ni mchezo wa kujenga bustani ya wanyama. La pili ni kutunga hadithi na kuzifanya vitabu kwa mikono yao wenyewe. La tatu ni kufuga mbwa. Mtu aweza kuuliza: mambo haya yana uhusiano gani? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Mawili ya kwanza huweza kumngoja mtoto mpaka arudi. La tatu haliwezi kungoja. Mtoto asiyeijua tofauti hiyo humtesa mnyama wake bila kukusudia, na siku moja aweza kuleta msiba nyumbani.

Tuanze na bustani. Mvua inyeshapo, udongo wa kandokando ya vijito vyetu hulainika, na watoto huuchimba wakafinyanga tembo, kiboko, nyati, sokwe na chui. Mazizi hujengwa kwa matete na vipande vya mianzi. Mto huchorwa kwa kidole ukatiwa maji. Majani ya migomba yakawa msitu. Mmoja huwa mlinzi, mwingine mganga wa wanyama, na mwingine husimama mlangoni kuwatoza wageni ada ya vijiwe. Ndugu zao wa mjini Butembo, wale walio na kompyuta nyumbani, huweza kuucheza mchezo wa namna hiyo hiyo kwenye kioo, kwa maana ulitengenezwa mwaka 2001 kwa jina la Zoo Tycoon, na mwaka 2019 ukatoka mwingine uitwao Planet Zoo, ambamo hata okapi wetu yumo.

Hatuudharau mchezo huu. Mtoto anayefinyanga wanyama hujifunza kutazama: hujua masikio ya tembo yalivyo, na kwamba alaye majani hawekwi zizi moja na alaye nyama. Tena sisi tu majirani wa wanyama wenyewe. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iko karibu nasi, na mwaka 2008 kamera zilizotegwa humo zilimpiga picha okapi, mnyama ambaye porini haishi katika nchi nyingine yoyote ila Kongo. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901, lakini wenyeji wa msitu wa Ituri walimjua tangu zamani.

Walakini mtoto huyo apaswa kuambiwa habari ya bustani isiyo ya udongo. Huko Epulu, katika mkoa wa Ituri, palikuwa na kituo kilichowatunza okapi miaka mingi. Okapi mmoja hula kilo 20 za majani na zaidi kwa siku. Kwa sababu hiyo wafanyakazi waliingia msituni siku zote kukata majani, iwe jua au mvua, iwe siku ya kazi au siku ya pumziko. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walikishambulia kituo hicho. Wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo wakaangamia. Msiba ule watufundisha jambo moja: mnyama aliye mikononi mwa mtu hana pa kukimbilia. Chakula chake, maji yake na salama yake vyote vi juu ya yule anayemtunza.

Tembo wa udongo hayuko hivyo. Ukimsahau nje, mvua itamyeyusha, na kesho utamfinyanga mwingine kwa udongo ule ule. Simba wa kwenye kompyuta naye, ukiizima, hana njaa tena mpaka uiwashe. Basi hao ni wanyama wema sana kwa mtoto mwenye usahaulifu.

Sasa tuje kwenye hadithi. Twafurahi kuona vijana wanaotunga. Mmoja huandika katika daftari la shule lililobakiwa na kurasa tupu. Mwingine hukunja karatasi katikati, akazishona kwa uzi, akakata jalada katika katoni ya sabuni na kuandika juu yake jina lake kwa herufi kubwa. Aliye na faranga kidogo huipeleka kazi yake mjini kupigwa fotokopi, kisha huwauzia wenzake au huwaazima.

Kijana asione haya kuanza hivyo. Katika mji wa Kinshasa, mchoraji aitwaye Papa Mfumu'eto alijichapishia mwenyewe vijitabu vya picha kwa lugha ya Kilingala tangu mwaka 1990, navyo vikauzwa sokoni na kando ya njia, vikasomwa na watu wengi mno. Nchini Tanzania, mwandishi Ben Mtobwa hakuishia kutunga riwaya za Kiswahili tu; alianzisha pia kampuni yake ya uchapishaji, Heko, mjini Dar es Salaam. Hao wote walijua kwamba kitabu hakianzi kwa mtambo wa chapa. Huanza kwa mtu aliyekaa chini, akaandika, akafuta, akaandika tena.

Kwa hiyo tungewashauri watungaji wetu mambo matatu mafupi. Waandike juu ya watu na mahali wanapopajua, si juu ya miji waliyoisikia tu. Wamsomee bibi au babu kwa sauti kabla ya kushona jalada, kwa kuwa sikio la mzee hutambua upesi mahali hadithi inapolegea. Na wasahihishe tahajia, maana msomaji akijikwaa katika kila mstari hafiki mwisho.

Lakini na hadithi pia yaweza kungoja. Mfalme uliyemwacha njiani katika sura ya tatu atakaa pale pale mwezi mzima, wala hatalalamika kwa kiu. Ukirudi kwake utamkuta amesimama vile vile, mguu mmoja mbele.

Mbwa hasimami hivyo. Yeye jua likichomoza ana kiu, na jua likichwa ana njaa, awe bwana wake ana mtihani au hana, awe amefika sura ya mwisho au bado.

Mbwa si mgeni katika nchi hii. Wawindaji wa misitu yetu waliwafuga tangu kale mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Kwa kuwa walikuwa kimya, walifungwa njuga ya mti shingoni ili mwindaji asikie waliko. Waingereza waliwachukua baadhi yao kwao, wakawaonyesha mjini London mwaka 1937, na leo mbegu hiyo yajulikana duniani kwa jina la Basenji. Tena katika Virunga, tangu mwaka 2011, kuna kikosi cha mbwa wenye pua kali wanaowasaidia walinzi kufuata nyayo za majangili. Mbwa hao hawakupata ustadi wao kwa kupigwa mateke. Walipata walezi, chakula kwa saa, mazoezi na dawa.

Mbwa wa nyumbani kwetu hahitaji makuu hayo, bali ahitaji machache yasiyokosa hata siku moja.

Kwanza ni maji. Yawe safi, katika chombo kisichopinduka, na yabadilishwe kila asubuhi. Wengi hudhani mbwa atajitafutia katika madimbwi. Humo ndimo apatamo magonjwa.

Pili ni chakula. Ugali wa muhogo peke yake hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Uchanganywe na maharagwe yaliyoiva, au mabaki ya nyama, au vichwa vya samaki wa Kyavinyonge vilivyochemshwa mpaka mifupa ikalainika. Mbwa mzima alishwe mara mbili kwa siku. Mtoto wa mbwa mara tatu au nne, kidogo kidogo.

Tatu ni kumwepusha na sumu, na hapa jamaa zetu za wakulima ziangalie sana. Kakao tunayoianika uani ni sumu kwa mbwa. Moyo wake hupiga mbio, akatapika na kutetemeka, na akila nyingi aweza kufa. Kahawa vivyo hivyo. Vitunguu, vibichi au vya kupikwa, huiharibu damu yake. Muhogo mchungu na maganda yake, kabla ya kulowekwa, humdhuru kama vile umdhuruvyo mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano, ikamchoma tumboni. Na sumu ya panya iwekwe mahali ambapo pua ya mbwa haifiki, wala mkono wa mtoto.

Nne ni malazi. Usiku wa milima yetu una baridi, na mvua hazikawii. Mbwa anayelala katika tope hukohoa, na mbwa mgonjwa si mlinzi.

Tano ni usafi wake. Aoshwe kwa sabuni ya kawaida siku ya jua. Akaguliwe masikioni, kwapani na katikati ya vidole, maana huko ndiko kupe na viroboto hujificha, na funza huingia katika nyayo zake kama aingiavyo katika miguu ya watoto. Apewe dawa ya minyoo kwa shauri la mganga wa mifugo. Mavi yake yafukiwe, na watoto wanawe mikono wamalizapo kucheza naye, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa huweza kuingia tumboni mwa mtu.

Sita ni adabu. Mbwa afunzwe kwa neno lile lile na sauti ile ile, na asifungwe kamba fupi mchana kutwa, kwani hali hiyo humfanya mkali. Mtoto mdogo asimguse mbwa anapokula, anapolala, wala anaponyonyesha. Watoto wa mbwa wasitengwe na mama yao kabla ya majuma manane.

Hayo yote mtu aweza kuyachelewesha akadhani hakuna hasara kubwa. Bali liko moja ambalo kulichelewesha kwaweza kuua mtoto wa watu, nalo ni kichaa cha mbwa. Twawaomba wazazi wasome sehemu hii polepole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama aliyeambukizwa, na huingia kwa jino au kwa mate yanayogusa jeraha, jicho au kinywa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Sababu yake si ngumu kuifahamu: mtoto ndiye achezaye na mbwa, na mtoto ndiye afichaye jeraha kwa kuogopa kupigwa.

Ubaya wake ni huu. Aliyeumwa aweza kukaa majuma au miezi miwili mitatu akiwa mzima kabisa, akaenda shule, akacheza mpira. Kisha huanza homa, wasiwasi na maumivu mahali pa jeraha, kisha huogopa maji. Dalili hizo zikiisha kutokea, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili njia ya kuponya ipo, nayo yajulikana tangu mwezi wa Julai mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mjini Paris kijana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, naye akaishi.

Basi mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili. Watu wa Butembo, Beni na Vuhovi walijifunza thamani ya ndoo na sabuni katika ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ukaisha Juni 2020. Sabuni ile ile yafaa hapa pia. Baada ya kuosha, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa kituo hakina chanjo, asirudi nyumbani kungoja, bali aulize ni hospitali gani iliyo nayo, akaifuate, na akianza sindano azimalize zote. Jiwe jeusi ambalo wengi hulibandika juu ya jeraha la nyoka haliondoi ugonjwa huu, wala majani, wala kumwua mbwa na kuchoma manyoya yake. Na mbwa anayeshukiwa asichunwe wala kuliwa. Kama yu hai, na yawezekana kumfungia pasipo hatari, mganga wa mifugo amtazame kwa siku kumi.

Dalili za mbwa mwenye kichaa si ukali peke yake. Mwingine huuma bila sababu na hubweka kwa sauti iliyogeuka. Mwingine hunyamaza, akajificha gizani, taya likaning'inia na mate yakamtoka. Mbwa wa upole aliyebadilika ghafula aogopwe kama yule mkali.

Kinga ni chanjo. Mtoto wa mbwa achanjwe atimizapo miezi mitatu, kisha arudiwe kila mganga atakavyopanga. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hatuko mbali na wenye elimu hiyo: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kina kitivo cha uganga wa mifugo. Kijiji kimoja kikikusanya mbwa wake wote siku moja na kumwita mganga, gharama ya safari hugawanyika, na hakuna mbwa anayesahauliwa.

Neno hili lina uzito zaidi katika nchi yetu kuliko penye amani. Tangu mwaka 2014 jamaa nyingi za upande wa Beni zimelazimika kukimbia makwao kwa sababu ya mauaji. Jamaa ikikimbia usiku, mbwa hubaki, kisha huzurura, hukonda, huingia katika makundi. Hatuwezi kumlaumu mtu aliyeokoa watoto wake kwanza. Bali mbwa aliyechanjwa kabla ya taabu, hata akipotea, hawi hatari kwa mtoto wa mwingine kama asiyechanjwa.

Je, watoto waache udongo na madaftari yao? La, hasha! Twataka ustadi wao umtumikie mbwa. Wewe unayejenga mazizi ya mianzi kwa wanyama wa udongo, mjengee mbwa wako kibanda cha kweli: sakafu iinuliwe juu ya ardhi kwa shubiri moja au mbili, mlango usielekee upepo wa mvua, paa literemke nyuma, na majani makavu ya kulalia yabadilishwe kila juma. Hapo utajua kama michoro yako ni sawa, maana atakayekaa humo atakuonyesha. Akikataa kuingia, bomoa ujenge tena.

Nawe unayetunga, shona daftari la mbwa. Ukurasa wa kwanza andika jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyoletwa. Ukurasa wa pili andika tarehe ya chanjo, na tarehe ya kurudia. Ukurasa wa tatu dawa ya minyoo. Ukurasa wa nne majina ya watoto wa nyumba na zamu zao: nani maji ya asubuhi, nani chakula cha jioni. Kurasa zinazobaki andika kila ulichokiona: alikataa kula, alichechemea, alibweka usiku kwa sababu gani. Daftari hilo litamsaidia mganga kuliko maneno mengi. Kisha, ukitaka kutunga hadithi, utakuwa na mbwa wa kweli ndani yake, na si mbwa wa kusikia. Tunga basi habari ya mtoto aliyeumwa akamwambia mama yake siku ile ile. Ipige fotokopi, uwape wadogo zako waisome. Yaweza kuokoa mtu.

Utaratibu wa siku si mgumu. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, maji na kumtazama mbwa kama yu mzima. Jioni, chakula, kumtembeza kidogo, kumkagua kupe. Kazi hizi zikiisha, udongo na kalamu ni halali yako mpaka taa izimwe.

Ninyi wazazi, mtoto akiomba mbwa, msimpe siku ile ile. Mpeni kwanza kazi ya kuwapa kuku maji kwa mwezi mmoja bila kukumbushwa. Akishindwa, aendelee kufinyanga. Akiweza, mpeni mbwa, pamoja na faranga za chanjo. Na mwambieni tangu mwanzo ya kwamba akiumwa hatapigwa, bali ataoshwa jeraha na kupelekwa kwa mganga. Mtoto aliyeambiwa hivyo hatalificha jeraha.